Mvua inanyesha na nyumba yenu ina magurudumu: namna ya kumaliza shughuli na bado mkatembea (kwa wastaafu wa motahomu, yaani gari lenye nyumba ndani yake, na karavani, nyumba inayovutwa na gari)

Wengi wakistaafu wakahamia kwenye motahomu huwa wanaichukulia siku ya mvua kama siku iliyokufa, mnajifungia ndani, usingizi juu ya usingizi, simu mkononi, ikifika saa kumi jioni mmeshanuniana maana chumba cha mita saba hakiwatoshi watu wazima wawili waliokaa pamoja tangu asubuhi, na kama mna mbwa ndo kabisa. Mimi naona kinyume. Siku ya mvua ndo siku ya shughuli. Kufua, dawa, kuprinti fomu za pensheni, kuchukua kifurushi, kunyoa, kupima macho, yote hayo unafanyia chini ya paa la mtu mwingine kwahiyo mvua haikupunguzii kitu, ila siku ya jua ukiimalizia kwenye foleni ya famasi hiyo hairudi.

Sasa ili hii kitu ifanye kazi lazima orodha iwepo kabla ya mawingu. Kwetu kuna karatasi imebandikwa kwenye mlango wa friji, kila kisicho cha haraka kinaandikwa pale, na jua likiwaka hatuigusi, tunaenda zetu ziwani. Mvua ikija karatasi inabanduliwa, tunapanga njia, tunatoka. Na nyie wastaafu mna kitu ambacho wenye kazi hawana, yaani mnaweza kutoka Jumanne saa nne asubuhi wakati watu wako ofisini, sehemu zote nyeupe, kwahiyo hakuna sababu ya kwenda kubanana na watu wikiendi.

Kwanza uijue mvua yenyewe

Siyo kila mvua ni ya kutoka. Manyunyu ya siku nzima, yale ya polepole yasiyo na upepo, hayo ndo mazuri kabisa. Mvua ya radi ni habari nyingine na mvua ya upepo mkali pia, hasa kama chombo chako ni kirefu kwenda juu maana upepo wa ubavuni unaisukuma motahomu kama mtu anakupiga bega.

Usiishie kuangalia ile asilimia kwenye apu ya hali ya hewa, asilimia 60 haikwambii itanyesha muda gani wala kwa nguvu gani. Fungua ile picha ya rada, rudisha nyuma saa moja uone mawingu yanatembea kuelekea wapi na kwa kasi gani, mara nyingi utaona kabisa kuna pengo la saa moja na nusu kati ya mvua mbili, na hilo pengo ndo la kukunjia turubai na kuchomoa waya wa umeme bila kulowana. Sehemu za joto mvua za radi huwa zinajijenga mchana kwenda jioni, kwahiyo asubuhi ndo ya kwako.

Radi ukiiona hesabu. Kila sekunde tatu kati ya mwanga na ngurumo ni kama kilomita moja, ngurumo ikifika kabla hujamaliza 30 maana yake iko ndani ya kilomita 10 hivi, hapo huchomoi waya, hugusi vyuma vya turubai, husimami chini ya mti. Kaa ndani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na kitu ambacho wengi hawakijui, motahomu nyingi bodi yake ni faiba au mbao zilizovikwa karatasi nyembamba ya alumini, haikingi radi sawasawa na gari dogo lenye bodi ya chuma kuanzia juu hadi chini. Kama gari dogo lipo au kuna jengo imara hapo kempu (pale mnapopaki na kulala), hamieni huko mapema, siyo mnakimbia ngurumo ikiwa juu ya kichwa.

Nyumba iwe sawa kabla hujageuka mgongo

Turubai la kivuli pembeni ndo linaloharibika zaidi na ni ghali kulitengeneza. Mkiwa mpo na mvua ni ndogo unaweza kuliacha wazi ila uliinamishe, mguu wa kona moja ushuke kuliko mwenzake, maji yapate pa kumwagikia. Likikaa limenyooka maji yanajikusanya katikati, kitambaa kinalegea, kikilegea kinabeba mengine zaidi, na ujue lita moja ya maji ni kilo moja, kidimbwi cha lita 50 ni kilo 50 zinaning'inia kwenye vyuma vyembamba ambavyo havikutengenezwa kwa hiyo kazi. Mkiwa mnatoka likunjeni tu, hata apu ikiapa kwamba ni manyunyu. Kama motahomu yako ina ule ubavu unaochomoza nje basi kabla ya kuurudisha ndani panda ngazi ufagie maji na majani juu yake, la sivyo unaingia nayo sebuleni.

Madirisha ya juu ya paa, funga. Hili linasahaulika kuliko yote kwa sababu lile la bafuni huwa limeachwa wazi kidogo tangu jana usiku. Fikiria paa la urefu wa mita 8 na upana mita 2.4, mvua ya milimita 10 tu inamwaga hapo karibu lita 190, huhitaji hata asilimia moja ya hizo kitandani kwako.

Umeme sasa. Kama mtaondoka na motahomu yenyewe, zima kwanza sakiti breka pale kwenye nguzo ya kempu ndo uchomoe, mikono mikavu, usisimame kwenye dimbwi. Na waya ukiwa umechomekwa uachie uning'inie ushuke kidogo kabla haujapanda kwenye soketi, hivyo maji yanayoutambaa yanadondokea pale chini badala ya kuingia kwenye plagi. Maungio ya ekstensheni yasilale kwenye nyasi, yanyanyue.

Wanaotegemea sola wajue wingu zito linaweza kukuachia sehemu ndogo tu ya umeme uliozoea, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 25. Betri za kawaida za asidi zikishuka hadi volti 12.2 hivi bila kuwa na mzigo ujue zimebaki nusu, na kuzishusha chini ya hapo mara kwa mara ni kuziua. Siku ya shughuli hapa inasaidia, laptopu na simu na pawabenki zote mnabeba mkazichaji maktaba.

Halafu ardhi. Mkiona utabiri wa mvua ya siku mbili tatu na mmepaki kwenye majani, hamieni kwenye kokoto au zege kabla haijaanza. Baada ya hapo mmechelewa, tani tatu na zaidi kwenye udongo uliolowa zinazama taratibu usiku mkiwa mmelala, asubuhi unakanyaga mafuta tairi linazunguka mahali pamoja na kila mzunguko linachimba zaidi. Ikishatokea, acha kukanyaga, ingiza mbao au mikeka migumu mbele ya matairi yanayovuta, toka taratibu kwa gia ya juu kidogo, ikigoma tafuta wa kuvuta.

Mnatoka na nini

Wenye karavani au wanaovuta gari dogo nyuma ya motahomu mnaweza kuruka hii sehemu, nyie mnawasha kigari mnaenda. Wenye motahomu peke yake ndo wenye kazi, maana kutoka kwenda kununua sabuni ni kuhamisha nyumba nzima, kwahiyo hapo mvua inakwambia kitu kimoja: nendeni mara moja, mmalize yote, siyo leo famasi kesho posta. Au kama kempu iko karibu na kituo cha basi, iacheni motahomu ilale. Basi siku ya mvua ni raha kuliko watu wanavyodhani, dereva anahangaika na waipa wewe unatazama dirishani.

Mkienda na motahomu angalieni matairi kwanza. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu kashata, yaani kina cha michoro ya tairi, ishuke hadi milimita 1.6 ila kwenye maji hiyo ni ndogo sana, mimi likifika 3 nalibadilisha. Na matairi ya motahomu mara nyingi yanazeeka kabla hayajaisha kwa sababu gari linakaa sana limesimama, mpira unakuwa mgumu, breki kwenye lami ya maji zinakuwa kitu kingine kabisa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa yale maandishi ya DOT, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka, yaani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nenda kasome yako leo.

Barabarani, zile dakika za kwanza za mvua baada ya ukame ndo zenye utelezi mbaya, mafuta na vumbi vinaelea juu ya lami kabla havijaoshwa, kwahiyo ikianza tu hakuna haraka. Nafasi na gari la mbele iwe angalau sekunde 4, na kama motahomu ni kubwa ongeza. Ile kruzi inayoshika spidi yenyewe izime. Urefu wa motahomu kwenda juu uandike kwenye karatasi ubandike mbele ya dereva kwa sababu kwenye mvua unapindapinda kukwepa njia zilizojaa maji, unajikuta kwenye kivuko cha chini ya reli ambacho hukukipanga, na maegesho ya ghorofa mengi yana mita 2 na kidogo tu, hupiti.

Maji yakivuka barabara rudi. Sentimita 15 za maji yanayokimbia zinamwangusha mtu mzima, 30 zinabeba magari madogo mengi, 60 zinabeba hata yale makubwa tunayojivunia. Na huwezi kujua lami bado ipo chini yake.

Lingine la umri wetu: macho. Mvua pamoja na jioni na taa za magari, kama una mtoto wa jicho hata ule mdogo tu, unaona nyota badala ya barabara. Panga uwe umerudi kabla giza halijaingia, hakuna shughuli kwenye ile karatasi ya friji inayostahili kuendesha usiku kwenye mvua.

Mpangilio wa mzunguko

Kufua kwanza. Kila mara. Unafika kwenye zile mashine za kulipia, unapakia, na muda inazunguka unakwenda famasi iliyo jirani, ukirudi unahamishia kwenye mashine ya kukaushia, unakaa kwenye joto dakika arobaini unasoma. Kukausha hukohuko ndo muhimu maana nguo zilizotoka kukamuliwa bado zina maji ya lita kadhaa, ukienda kuzitundika ndani ya motahomu hayo maji yote yanaishia kwenye kuta na godoro. Tupia humo na lile zulia la mlangoni na makoti ya jana. Beba mfuko usioingiza maji wa kurudishia nguo, wale wanaokwenda na kikapu cha matundu wanafua mara mbili.

Famasi: tembea na orodha ya dawa zako zilizoandikwa kwa jina la dawa yenyewe na miligramu, siyo jina la kampuni, maana mkihamahama hilo jina la kwenye boksi linabadilika kila eneo ila dawa ni ileile. Picha ya cheti cha daktari iwe kwenye simu na nakala ya karatasi kwenye droo. Na kama mnatumia zile dawa za presha zinazokojoza, zimeze baada ya mzunguko au panga njia yenye vyoo, ingawa mwenye motahomu hapo anacheka tu, choo anacho mgongoni.

Halafu maktaba. Jamani watu wanaidharau maktaba. Joto ipo, viti vya kueleweka vipo, waifai, soketi, printa, magazeti, na hakuna anayekuuliza unaondoka saa ngapi. Pale ndo pa kudaunilodia ramani za kutumia bila mtandao za sehemu mnayokwenda wiki ijayo, kusasisha apu zote, kutuma zile barua pepe zenye viambatisho vizito, kwa sababu kama intaneti yenu ni ya setilaiti basi mvua nzito huwa inaikata au kuilegeza. Tazama na ubao wa matangazo pale mlangoni kabla hujakaa, kwaya inaimba wapi, nani anaonyesha picha zake, mhadhara wa historia wa bure saa nane, vitu ambavyo ukitafuta mtandaoni hutavipata hata siku moja.

Supamaketi iwe ya mwisho kwa ajili ya vya baridi. Chukueni maboksi ya plastiki yenye mfuniko, mifuko ya karatasi ikilowa inapasuka mkiwa katikati ya maegesho. Na jihadharini, mtu akiwa amechoshwa na mvua ananunua hovyo, halafu motahomu ina kikomo chake cha uzito na kabati ni lilelile.

Kumwaga maji machafu ya tangi siku hiyo sawa, ila pale pa kumwagia tu. Kuna wanaodhani kwa kuwa mvua inasomba kila kitu basi wakifungua valvu pembeni ya mtaro hakuna kitakachoonekana. Mitaro ya mvua sehemu nyingi inakwenda moja kwa moja mtoni bila kusafishwa, na sifa ya wote tunaosafiri hivi inaharibikia hapohapo.

Kutembea

Hapa kosa kubwa ni kutaka sehemu tatu. Chagueni moja, iwe karibu na ule mzunguko, mkae muda mrefu.

Makumbusho madogo ya mji ni bora kuliko makubwa siku kama hiyo. Makubwa yanajaa watalii wote waliokimbia mvua, madogo mnakuta mzee mmoja wa kujitolea amekaa mlangoni hajaona mtu tangu asubuhi, muulize swali moja tu kuhusu picha iliyo nyuma yake, atakutembeza chumba kizima na kukuonyesha droo ambazo hazifunguliwi kwa kila mtu. Nchi nyingi makumbusho hufungwa Jumatatu, pigeni simu kwanza. Na kitambulisho cha umri kiwe mfukoni, punguzo la wazee lipo sehemu nyingi ila mara nyingi halitangazwi, unauliza.

Bustani za mimea zenye nyumba za kioo, hizo ni tamu mno kwenye mvua, nje baridi inapiga ndani joto na unyevu, matone yanagonga kioo juu ya migomba. Miwani itaingia ukungu, subirini kidogo mlangoni. Masoko ya ndani, majengo ya zamani ya ibada (vua kofia, uliza kama mnaruhusiwa), vibanda vya kutazamia ndege kwenye mabwawa ambavyo vina paa na benchi na siku ya mvua mnakuwa peke yenu na ndege wa majini wala hawajali.

Ila kama mtanisikiliza kwenye moja tu basi iwe treni ya wilayani, ile inayosimama kila kituo. Nunueni tiketi ya kwenda na kurudi mpaka mwisho wa njia. Mnakaa dirishani, hakuna waipa, hakuna ramani, mnaona nyuma ya nyumba za watu, bustani zao, mito imejaa, shule watoto wanakimbia na mabegi kichwani. Nchi mnayoipita kila siku kwa barabara kuu mnaiona kwa mara ya kwanza.

Msiende kwenye mapango yenye mto ndani wala kwenye korongo wala kando ya kijito wakati wa mvua, na hapo msiangalie mvua iliyo juu yenu, angalieni iliyonyesha milimani, maji yanaweza kufika na jua limewaka ulipo. Maporomoko yaachieni kesho yake, bado yatakuwa yamejaa na njia angalau inaonekana. Msituni kwenye upepo pia hapana, matawi. Na mawe yenye ukungu wa kijani na ngazi za mbao, mnajua wenyewe, nyonga ya miaka 70 haitaki mchezo, fimbo ya kutembelea siyo aibu.

Kurudi

Unyevu mwingi ndani ya motahomu unaingilia mlangoni, kwahiyo mlango una utaratibu wake. Anaingia mmoja mmoja. Unasimama chini ya paa dogo la mlango, unakung'uta koti nje, unakaa kwenye ngazi ya juu kabisa miguu ikiwa bado nje, unavua buti moja unaliweka kwenye trei ya plastiki iliyo kushoto, unageuza mguu ndani moja kwa moja kwenye ndala, ndo la pili. Mwenzako anakupokea koti analitundika bafuni juu ya sinia la kuogea, linachuruzika humo kwenye tangi la maji machafu. Mbwa taulo yake inakaa mlangoni na anafutwa miguu minne yote kabla hajaruhusiwa kupita, akikung'utia ndani mmekwisha. Gazeti lililofinyangwa ndani ya viatu, libadilishe kabla ya kulala.

Sasa joto. Watu wakirudi wamelowa wanawasha jiko la gesi ili kupasha chumba, acheni kabisa. Kwanza ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua, kile king'ora chake kibonyezeni mtesti kila mwezi. Pili gesi yenyewe ikiungua inatoa maji, kilo moja ya propeni inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kwa njia ya mvuke, ongeza pumzi zenu wawili usiku kucha karibu nusu lita, yote hayo yanaishia kwenye kioo na nyuma ya kabati. Tumieni hita iliyotengenezewa hiyo kazi, inayotoa moshi wake nje, na muache dirisha la juu wazi kidogo hata kama inauma kuona joto linatoka. Jenereta nayo isiwashwe chini ya turubai wala karibu na dirisha eti kwa kuwa nje kuna mvua.

Kakipimo ka unyevu ni kadogo na rahisi, kabandikeni mahali mnapolala. Kakikaa kati ya asilimia 40 na 50 mko salama, kakipita 60 siku nzima ukungu unaanza kujipangia. Nyanyueni godoro lipumue chini, vuteni mito isiguse ukuta wa nje, futeni madirisha asubuhi kwa kitambaa na mkikamulie kwenye sinki.

Mvua ikikata

Kesho yake kabla ya kufurahia jua tembea ndani na tochi. Kona za juu za makabati, kuzunguka madirisha ya paa, chini ya dirisha la mbele. Usitazame tu, bonyeza kwa kidole gumba, ukuta mzima unarudisha ugumu, ukuta ulioingia maji unabonyea kidogo na rangi yake imekuwa kama chai iliyomwagika. Pakibonyea weka alama ya penseli kuzunguka na tarehe, mvua ijayo utajua kama panakua. Juu ya paa angalia ile gundi ya kuzibia pembeni ya viunganishi, ikipasuka isafishe na uzibe kwa aina inayokubaliana na paa lako, silikoni ya kawaida kwenye paa la mpira haishiki vizuri na ukishaipaka hata gundi nzuri itakataa kukamata juu yake.

Na lile turubai mlilolikunja likiwa limelowa, lifungueni siku hiyohiyo au kesho yake, liacheni juani mpaka mishono ikauke pande zote mbili, piteni na brashi laini kwenye ile mikunjo ya karibu na bomba la kukunjia maana ndo inayoanza kuwa na madoa meusi. Hapo mnaweza kuandika karatasi mpya ya friji.